Supu ya Masika, Nusu ya Kambale

Mama Ngalula amekufa Kinshasa. Binti yake alinipigia simu nikiwa nachambua maharagwe, akaanza kwa Kifaransa, na aliponisikia kimya akarudi kwenye Kiswahili kilekile alichokiokota uani kwetu Butembo akiwa mtoto: "Tantine Kavira, maman alienda. Alikuwa anaikala paka mu jikoni, akaenda." Ameketi tu jikoni, akafa. Nikampa pole, nikamshukuru kwa kunikumbuka, nikakata simu na kuendelea na maharagwe yangu. Mimi si mtu wa kulia haraka, na wanaonijua husema ni roho ngumu, waseme. Lakini jioni, tulipoketi kula, mwanangu akaniuliza mbona chakula hakina chumvi wala kitunguu wala chochote, nikagundua kwamba tangu ile simu sikuwa nyumbani. Nilikuwa nimerudi katika mwaka mmoja tu wa ujana wangu, mwaka wa mifupa, na nikizungumza kweli, sijawahi kutoka humo sawasawa.

Ulikuwa mwaka wa vita ya pili. Waasi walikuwa wameshika Butembo na Beni, serikali iko mbali Kinshasa, na katikati palikuwa na mstari wa vita ambao hata barua haikuvuka. Mama Ngalula alikuwa mtu wa Kasai, mke wa mtumishi wa serikali aliyeletwa kwetu kufanya kazi bureau, yaani ofisini. Mumewe alikwenda Kinshasa kwa safari ya kikazi, vita ikafunga njia nyuma yake, na mke akabaki na mtoto wake mmoja katika chumba cha saruji tulichompangisha. Kile chumba nakiona mpaka leo: kitanda chenye shuka iliyonyooshwa kama ya hospitali, picha ya Bikira Maria, redio iliyofunikwa kitambaa, na juu ya kabati, ikiwa imegeuzwa chini juu, sufuria ya presha. Butembo nzima walikuwa nayo wachache. Ilikuwa nzito, mfuniko wake unakazwa kwa skurubu, na juu yake kuna kizito kidogo kinachocheza mvuke ukipanda. Mama yangu aliiogopa waziwazi. Kila Mama Ngalula alipopikia maharagwe, mama alihama jikoni na kwenda kukaa upande wa choo mpaka ile filimbi inyamaze. "Siku moja itatuua ile kitu," alikuwa akisema. Kama kawaida yake, aliogopa kisichokuwa na neno.

Kwetu Wanande jina hufuata zamu ya kuzaliwa. Msichana wa kwanza ni Masika, wa pili Kavira. Mvulana wa kwanza Mumbere, wa pili Kambale, na hivyo hivyo nyumba hadi nyumba, kilima hadi kilima. Basi sina haja ya kueleza ukoo. Masika alikuwa dada yangu mkubwa, mimi nikamfuata. Aliolewa Mbau, kwenye barabara ya kwenda Oicha, na Kambale, mdogo wa Mumbere, mwanaume mrefu aliyelima mpunga na kuuza mawese kando ya njia, na ambaye hakuweza kupita karibu na mtu bila kumtania. Asubuhi moja watu wenye silaha waliingia Mbau. Kambale alikuwa ametoka kwenda shambani kukata ndizi. Masika alikuwa na mimba. Alikimbia na wengine kuelekea Beni, mimba ikamtoka njiani, na damu iliyoanza siku ile haikukubali kukoma. Kambale hakuonekana tena, akiwa hai wala akiwa maiti.

Ni mimi niliyetumwa Beni kumchukua, nimepanda lori juu ya magunia ya sabuni. Nilimkuta katika ukumbi wa hospitali, juu ya mkeka, kwa kuwa vitanda vilikuwa vimejaa. Alikuwa mweupe kwenye midomo na kwenye viganja. Nilidhani atauliza habari za mama. Aliniuliza, "Kavira, hapana ulimuona Kambale ku njia?" Nikasema sikumwona. Akafumba macho kama mtu aliyejibiwa kwamba duka bado halijafunguliwa. Daktari alikuwa kijana wa kutoka Équateur, Kiswahili chake kimechanganyika na Lingala, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Akanitoa pembeni. "Iko na kitu mu tumbo, inafaa kupasua. Mais leo nikimupasua atakufa pale pale, damu haiko. Frigo ya damu, basoda balibeba. Donc mupeleke kwenu, mumulishe. Supu, mifupa, maini, lengalenga. Damu ikipanda, mumurudishe." Wanajeshi walikuwa wameibeba friji ya damu. Nikamuuliza ikikataa kupanda je. Akasema, "Mumulishe tu, dada."

Sasa binti yangu ni muuguzi, amesoma, na siku moja nilipomsimulia habari hii akaniambia kwa upole kwamba supu ya mifupa haipandishi damu, kwamba ni maini na majani kama yale ya lengalenga ndiyo yenye kazi, na mifupa ni ladha tu. Nilimwambia anyamaze. Si kwamba nilimkatalia. Ni kwamba maini tuliyaona mara chache kuliko tulivyomwona askofu. Ng'ombe aliposhuka kutoka milima ya Lubero na kuchinjwa, wanajeshi walikuwa wamekwisha kusimama machinjioni. Nyama yao, maini yao, utumbo wao. Sisi raia tulibakiziwa kwato, magoti na mifupa ya shingo. Kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, alituletea, vimefungwa kwa jani la mgomba chini ya kuni ili visionekane. Mtu akisikia leo nasema tulimtibu Masika kwa mifupa atadhani tulichagua. Hatukuchagua kitu mwaka ule.

Mara ya kwanza mama aliinjika mifupa katika sufuria ya kawaida. Ilichemka tangu asubuhi hadi jua kuinama, makaa ya siku nyingi yakaisha, na harufu ikapanda juu ya ukuta mpaka barabarani. Wanajeshi wawili wakaifuata kwa pua. Waliingia, wakafunua, wakaketi kwenye viti vyetu wakanywa supu yote kwa upawa, na wakanyonya uboho. Mmoja alimwambia mama "asante" vizuri kabisa. Masika alikuwa chumbani anasikiliza. Walipoondoka, Mama Ngalula akatoka kwake amebeba ile sufuria yake kwa mikono miwili, akaiweka katikati ya jiko letu. "Mama Masika," akasema, "kwa kasroli yenu ile mutalisha paka jeshi tu. Hii inamaliza mbio, na harufu yake inabakia mu ndani. Hapana kuiogopa. Kavira, kuya, nikufundishe." Mama akasogea hadi mlangoni, akabaki pale, mguu mmoja nje.

Nilijifunza. Kwato unazichoma kwanza motoni mpaka manyoya yaungue, unazikwangua kwa kisu, unazipasua kwa shoka. Mifupa yote unaichemsha kidogo katika maji ambayo utayamwaga, maana yanatoa povu la kijivu. Ndipo unaipanga ndani ya sufuria ya presha, na kitunguu, karoti na majani ya vitunguu kutoka Masereka kama yamefika, na ndimu iliyokamuliwa kidogo, ambayo Mama Ngalula aliapa kwamba inaufanya mfupa utoe siri zake. Maji yasipite theluthi mbili. Unakaza mfuniko. Kizito kikianza kucheza unapunguza makaa, na baada ya hapo kazi yako ni kukaa na kutogusa. Kuacha sufuria ipoe yenyewe ilikuwa sharti lake kubwa. Nikiwa na haraka alinipiga kofi dogo mkononi. Mpira wa mfuniko ulipochakaa, na hapakuwa na mpira mwingine upande wetu wa vita, tulikata duara kutoka tairi la ndani la baiskeli. Siku ile Masika alionja, akakunja uso, akasema, "Kavira, hii supu inanuka vélo." Akacheka. Nilicheka naye mpaka nikaegemea ukuta. Ni mara moja tu alicheka mwaka ule, na ndiyo maana nimeieleza.

Mvuke wenyewe ulitoa harufu kidogo, hata hivyo, na hiyo kidogo ilitosha kwa wenye njaa. Hapo akatusaidia Mama Katungu, mwanamke aliyepandisha samaki kutoka Kyavinyonge, kwenye ziwa, na kulala kwetu kila alipokuja sokoni. Alituachia vichwa vya samaki wa chumvi, tukavichemsha pembeni katika chungu kisicho na mfuniko. Uvundo wake ulifunika kila kitu mpaka nguo zetu. Siku moja mwanajeshi aliingia, akapita chungu akiwa ameziba pua, akafika kwenye sufuria ya presha inayopiga filimbi. "Mama, eza nini?" akauliza kwa Lingala, akitaka kujua ni kitu gani. Mama Ngalula hakuinua hata macho. "Iko machine. Ukiigusa inapasuka." Yule mtu alikuwa na bunduki begani na bomu la mkono kiunoni, na alirudi kinyumenyume mpaka nje ya uzio. Nikiwa peke yangu bado namwona.

Asubuhi, kwa baridi ya Butembo, supu iliyobaki ilikuwa imeganda na kutetemeka. Niliipasha, nikamjazia Masika bakuli la bati. Alikuwa akinywa polepole, anapumzika kati ya funda na funda, na akifika katikati anaweka bakuli chini. "Ile ni ya Kambale." Mwanzo tulidhani ni homa. Halafu tukaona anafunika bakuli kwa sahani na kulisogeza ukutani, pale mume wake alipopenda kukaa akitutembelea, na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Nikimsihi, alinijibu kwa sauti ile ile tulivu, "Atakuya na njaa. Na mimi nitamupa nini?" Jioni supu ilipochacha niliimwaga nyuma ya nyumba, mama akigeuza uso. Kuihesabu hasara ile ilinitia wazimu. Nilitoka jasho kwa shoka na moto na mvuke, na nusu ya jasho langu likaenda kwa mtu asiyekuwapo. Nilimchukia Kambale, maskini, kwa sababu hakuwa na adabu ya kuonekana amekufa.

Kuta zetu zilikuwa za mbao, na katika nyumba ya mbao hakuna siri. Mumbere, kaka yake Kambale, alikuwa amekimbilia Beni na watoto wake, na kila alipofika Butembo alizungumza na mama sebuleni kwa sauti anayodhani ni ya chini. "Mama mukwe, haipande damu juu ya ndugu yangu anaivuta," nilimsikia akisema. "Hatuyamulilia. Hatuyamuzika. Roho haina fasi ya kuikala, inaikala kwa bibi yake." Alimaanisha damu haipandi kwa sababu Kambale hajaliliwa wala kuzikwa, na roho yake imekaa kwa mkewe. Mama akasema maiti haipo. Mumbere akasema, "Si tuko na mugomba?" Wazee wetu walikuwa na njia hiyo kwa aliyepotea vitani au majini: hukatwa shina la mgomba lenye urefu wa mwanaume, likavikwa nguo yake, likalazwa kaburini, watu wakalia kilio cha kweli, na mjane akanyolewa. Padri hakupenda kusikia habari hizo, kwa hiyo hakuambiwa. Mama Ngalula, ambaye naye alisikia kupitia mbao, aliingia bila kubisha hodi. "Munataka kuzika mutu hapana mulimuona?" alisema. "Mbona na mimi wangu sijue eko wapi? Na mimi nikate mugomba?" Alirudi chumbani kwake, na kwa siku kadhaa sufuria yake ilipigia filimbi maharagwe yake tu. Baadaye ilikuja habari kwa redio ya wamisionari kwamba mumewe alikuwa na mke mwingine Kinshasa. Alituambia mwenyewe, amesimama, anakausha vyombo.

Tulimzika Kambale katika shamba la mama, chini ya mikaratusi. Shati lilikuwa lile jeupe la mistari ya buluu, alilolisahau kwetu sikukuu ya Noeli. Mumbere alilifunga vifungo vyote juu ya lile shina, taratibu, kama anavyovalishwa mtoto wa kwenda komunyo. Nilikuwa nimekuja nikiwa na kebehi zangu, nikitazama mti uliovaa shati. Lakini Mumbere alipofika kwenye kifungo cha shingo akaanguka magoti na kulia, na kilio kikatushika sote, na mimi nikalia kwa sauti ambayo sikuijua. Masika alisimama akishikwa mabega. Hakulia. Walimnyoa, wakamkalisha kwenye mkeka, na jioni nilipomletea bakuli akalishika na kuanza kunywa. Akafika katikati. Nikajiandaa. Akainua tena, akanywa mpaka mwisho, akalipangusa kwa kidole. "Wasingya," akaniambia kwa Kinande, ahsante, bila kunitazama.

Sitasema alifurahi. Alikunywa kama anayelipishwa ushuru. Lakini mwili hauna habari na moyo; ukilishwa, unakubali. Wiki baada ya wiki bakuli lilirudi tupu. Nilitafuta lengalenga kwa majirani, Mama Ngalula aliporudi jikoni kwetu akatuletea ini moja zima aliloliomba sijui kwa nani, na hatimaye Masika alitoka nje akakaa juani na kuchambua mchele. Kucha zake zikapata rangi. Damu ya chini ikapungua ikawa ya kudondoka tu. Tulimpeleka Beni, na yule daktari akamvuta chini ukope, akatazama, akavuta na wa pili. "Eh! Inapanda," akasema. "Mumurudishe mwezi ukiisha, nitamupasua." Njiani kurudi mama aliimba rozari nzima kwa sauti, na watu wa lori wakaitikia. Nakumbuka niliamini. Naliandika hili kwa makusudi, kwa kuwa baadaye watu waliniambia walijua tangu mwanzo. Mimi sikujua. Niliamini kabisa, na nilikuwa nimeanza kufikiria mambo yangu, mwanafunzi mmoja wa ualimu aliyekuwa akinitupia macho kanisani.

Mama Katungu ndiye aliyeleta ile habari, na aliileta kwa moyo safi. Alitua kapu lake la samaki, akanywa maji, akamwambia mama palepale sebuleni, "Mama Masika, nilimuona mukwe wenu. Kambale wa Mbau. Eko Kyavinyonge, anashona nyavu. Anasema alikimbia vita, na bibi yake alipotea ku njia ya Beni akiwa na mimba." Mama aliruka kumziba mdomo, lakini nimeshasema kuhusu kuta zetu. Masika alikuwa amesimama mlangoni, kichwa chake kilichonyolewa kikiwa na nywele fupi za kwanza. "Rudilia," akasema. Mama Katungu akarudia, neno kwa neno. "Unaapa?" "Naapa kwa Bikira Maria." Na hakuapa uongo.

Jioni ile bakuli lilirudi nusu. Mumbere aliitwa kutoka Beni, akasema aliye hai haachwi kaburini, akalifukua lile shina. Lilikuwa limeoza likawa maji meusi. Shati lilitoka limeganda udongo, na Masika akalichukua akalifua mara nyingi, akalianika, akalipiga pasi ya makaa, akalikunja. Nilipomwambia kwamba tarehe ya daktari imekaribia, akatikisa kichwa. "Akuye kwanza. Nitapasuliwa yeye akiwa ku mulango." Mama alilia, akapiga magoti mbele ya binti yake mwenyewe, jambo ambalo kwetu halifanyiki. Masika alimwinua, akampangusa uso. "Mama, hapana kulia. Si eko muzima?" Kwenda mwenyewe hakuweza, maana njia ya ziwani ni ya kushuka milima kwa miguu. Basi nikatumwa mimi. Nilipewa shati, na chupa ya chai itunzayo moto ambayo Mama Ngalula aliijaza supu aliyoipika kwa mkono wake. Aliifunga vizuri, akaniambia polepole, "Mwana wangu, muangalie uso mbele ya kusema kitu." Nitazame kwanza uso, ndipo niseme; nilidhani ni maneno ya mwanamke aliyeachwa.

Mama Katungu alitembea mbele, mimi nyuma. Tuliacha ukungu na viazi vya milimani, tukashuka hadi kwenye joto na majani makavu, na ziwa likaonekana chini likiwa jeupe. Kyavinyonge ilinuka samaki kuliko jiko letu. Korongo wakubwa wenye vipara walitembea kati ya mitumbwi kama wakaguzi wa serikali. Mama Katungu alikuwa ametanguliza habari kwa mtoto wa pale, "mwambie Kambale shemeji yake amefika na habari za bibi yake," na tulipofika kwenye nyavu mwanaume alikuwa amekwisha kusimama. Alikuwa amenawa uso. Maji yalikuwa bado kwenye ndevu. Alikuwa mfupi, na kovu shavuni. Alinitazama akitabasamu, halafu akatazama nyuma yangu, njia nzima hadi ilikokata kona. Akanitazama tena. "Eko wapi?" akauliza. Tabasamu lilikuwa bado halijamtoka. "Wewe ni mudogo ya nani?"

Hakuna aliyedanganya. Mama Katungu hakuwahi kumwona wetu, jina tu alilisikia. Alikuwa mtu wa Mbau, mzaliwa wa pili wa kiume, mke wake alikuwa na mimba na alipotea njia ya Beni. Ni Kambale wangapi walikimbia Mbau wakiwa na mke mwenye mimba? Sisi wenyewe tulijua zaidi ya yeyote kwamba kila nyumba ina Kambale wake, na hakuna hata mmoja wetu, si mama, si Mumbere, si mimi, aliyeuliza ni yupi. Mwenye kiu haulizi maji yametoka mto gani. Nilimwambia yule mtu jina la dada yangu. Akaniambia la mkewe, akanieleza alivyo, akaniuliza kama hospitali ya Beni sikuona mwanamke wa namna ile. Nilifikiri juu ya mikeka yote ya ule ukumbi, nikasema sikuona. Tuliketi juu ya nyavu. Mama Katungu alikuwa amejifunika uso kwa kitenge, na alikuwa akirudia, "Munisamehe, batoto, munisamehe." Sikujua la kufanya na mikono yangu, nikafungua ile chupa. Mvuke ukatoka. "Kunywa," nikamwambia. Akauliza ni ya nani. Nikasema, "Iko ya Kambale. Kunywa." Akanywa yote, akilia, na alipomaliza alinirudishia chupa kwa mikono miwili.

Nilirudi na shati. Masika alikuwa mlangoni, amevaa kitenge cha Mama Ngalula, amepakwa mafuta. Aliniona nikiwa mbali, na akatazama nyuma yangu sawasawa na alivyotazama yule mtu. Nilipomfikia alichukua shati mkononi mwangu, akaliweka begani, akaingia ndani. Nilimweleza yote. Kesho yake alisema twende Beni. Hakukataa lolote tena. Alikunywa bakuli zima asubuhi na zima jioni, alipanda lori, alivua nguo alipoambiwa avue, aliwaambia wauguzi ahsante. Walipomsukuma kuingia chumba cha kupasulia nilimshika mkono, ulikuwa na joto. Nikamwambia, "Yaya, dada yangu, tuko hapa." Akasema, "Najua, Kavira." Alisema kwa wema, jinsi unavyomjibu mtoto anayekuonyesha mchoro wake.

Tulikaa kwenye ukumbi ule ule, mama, Mumbere na mimi. Daktari alitoka jua likiwa bado juu, kofia yake ya kitambaa imo mkononi, na kabla hajasema tukajua. Mumbere alitoka nje. Daktari alichuchumaa mbele ya mama. "Mama, kazi ilienda muzuri. Nilitosha kile kitu, kilitoka chote. Kisha moyo ukaacha tu, sijue juu ya nini." Alikuwa na swali moja. "Damu ndiyo ilikosa? Docta, hatukumulisha vya kutosha?" Yule kijana alitazama chini, kwenye viatu vyake vyenye madoa. Nadhani alitafuta jibu la kumpunguzia uzito, akaona ni moja tu alilo nalo, akampa.

"Hapana, mama," akasema. "Damu ilikuwa ya kutosha."